Walipotengeneza bomu la atomiki: kumbukumbu za nani tuziamini?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma uhandisi, mwaka wa tatu. Likizo hii nimekuwa nikisoma na kusikiliza kumbukumbu za wanasayansi waliotengeneza bomu la atomiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na nimechanganyikiwa. Mmoja anasimulia kama mtu anayekumbuka maisha ya bwenini, ngoma na vichekesho tele. Mwingine anajuta waziwazi. Mwingine ananukuu maandiko matakatifu. Wote walikuwa mahali pamoja, kazi moja. Nimwamini nani? Na je, walijua kweli wanatengeneza nini? Halafu rafiki yangu Mkongomani ninayesoma naye anadai urani ya lile bomu ilitoka kwao Katanga. Ni kweli?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako la pili ndilo jepesi, kwa hiyo naanza nalo. Walijua.

Aprili 1943 maabara ya Los Alamos, kule jimbo la New Mexico, Marekani, ambako bomu lilitengenezwa, ilikuwa bado inajengwa. Mahali penyewe palikuwa shule ya bweni ya wavulana juu ya mlima, jeshi la Marekani likaichukua. Nyundo zinagonga, nyaya zinavutwa, na katikati ya kelele hizo mwanafizikia Robert Serber anasimama mbele ya ubao kuwapa wageni mihadhara ya utangulizi. Aliwaambia tangu mwanzo kwamba shabaha ya mradi ni kupata silaha ya kivita, bomu, litakalotoa nguvu zake kwa kupasua viini vya atomu mfululizo. Serber alikumbuka baadaye kwamba hakufika mbali kabla mkurugenzi, J. Robert Oppenheimer, hajamtuma mtu kumnong'oneza: usiseme "bomu", mafundi wanasikia. Akaanza kusema "kidude", na jina hilo likabaki mpaka mwisho. Kwenye mihadhara hiyohiyo mguu wa fundi umeme ulitoboa dari la ubao mwembamba ukaning'inia juu ya vichwa vya wasomi.

Nimewasimulia wanafunzi wangu kisa cha mguu ule miaka mingi, kwa sababu kinaonyesha mpaka wa kujua ulipita wapi. Chini ya dari walijua. Juu ya dari hawakujua. Na juu ya dari ndiko walikokuwa wengi: mradi wote uliajiri watu wapatao 125,000 ulipofikia kilele na kula dola bilioni 2 za wakati ule. Oak Ridge, Tennessee, wasichana waliotoka tu sekondari walikaa mbele ya mitambo ya kutenganisha urani, kazi yao kuzungusha vifundo vya kurekebisha ili mshale wa kipimo usitoke mahali pake, zamu baada ya zamu, bila kuambiwa mshale ule unapima nini.

Siri hiyo nusura iwaue. Richard Feynman, huyo wa ngoma uliyemsoma, anasimulia kwamba mwenzake wa Los Alamos, Emilio Segrè, alitumwa Oak Ridge kukagua, akakuta wafanyakazi wanasukuma tangi la maji ya kijani, myeyusho wa urani. Akauliza: mtaishika hivihivi hata ikishasafishwa? Wakamjibu, kwa nini isiwe hivyo? Jeshi lilikuwa limepewa kiasi cha urani kinachohitajika kwa bomu, likaona halijafika karibu na kiasi hicho, kwa hiyo hakuna hatari. Hawakuambiwa kwamba maji hupunguza kasi ya nyutroni, yaani zile chembe zinazopasua viini, na nyutroni ya polepole hupasua viini vya urani kwa urahisi mkubwa zaidi, hivyo ndani ya maji kiasi kidogo sana kinatosha kuanzisha mpasuko mfululizo. Kusingekuwa na mlipuko wa bomu pale, lakini mionzi ingeua watu. Feynman akatumwa kuwaeleza, na Oppenheimer alimpa maneno ya kusema wakikataa kusikia: kwamba Los Alamos haiwezi kubeba dhamana ya usalama wa kiwanda chao ikiwa hawataambiwa jinsi mambo yanavyofanya kazi. Wewe mhandisi mtarajiwa, hapo pasome mara mbili.

Sasa la kwanza, nimwamini nani.

Mimi huanza kwa kuuliza maneno yamesemwa lini, na kama kuna karatasi ya siku ileile inayoyaunga mkono. Chukua alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, siku ya jaribio la kwanza, jangwa la Jornada del Muerto, hukohuko New Mexico. Kidude kimepandishwa kwenye mnara wa chuma wa mita 30, ndani yake plutoni, metali ambayo viini vyake hupasuka kama vya urani, kilo 6 hivi, tufe lisilozidi chungwa kubwa. Saa kumi na moja na nusu kasoro sekunde chache, kikalipuka. Dunia nzima inakumbuka maneno ya Oppenheimer ya siku ile, ya kutoka maandiko ya Kihindu, kwamba sasa amekuwa kifo, mharibu wa walimwengu. Maneno hayo yamerekodiwa mbele ya kamera mwaka 1965, miaka 20 baadaye, na yeye mwenyewe anasema yalimjia akilini. Ndugu yake Frank, aliyekuwa naye siku ile, alipoulizwa walisema nini, alijibu kwamba anadhani walisema tu: imefanya kazi.

Simwiti Oppenheimer mwongo. Alikuwa amesoma Kisanskriti, na mtu huweza kupitiwa na aya kichwani huku mdomo unasema jambo dogo. Nakuambia tu kwamba ile sauti nzito unayoisikia ni ya mzee wa mwaka 1965, mtu aliyekwisha kuona Hiroshima, Nagasaki, na bomu la haidrojeni, na aliyenyang'anywa kibali chake cha siri za serikali. Mtu wa alfajiri ile alikuwa bado hajayaona hayo.

Mlinganishe na mwanafizikia mwenzake, Enrico Fermi. Alikuwa kilomita 16 kutoka kwenye mnara. Aliandika muda mfupi baada ya jaribio kwamba sekunde kama 40 baada ya mwanga, wimbi la hewa lilipomfikia, alikuwa anaangusha vipande vya karatasi kutoka kimo cha mita 2 hivi, kabla, wakati na baada ya wimbi kupita. Upepo wenyewe haukuwapo, kwa hiyo aliona vizuri karatasi zimesukumwa mita mbili na nusu. Akakadiria nguvu ya tani 10,000 za baruti ya TNT. Hesabu za baadaye zilipata zaidi ya tani 20,000, lakini kwa vipande vya karatasi ile ni kazi ya ajabu. Nilikuwa nikiwatoa wanafunzi uwanjani siku isiyo na upepo, kila mmoja na vipande vyake, tuangushe kutoka juu ya kichwa. Vinatua karibu na kiatu. Kisha nawaambia wapige hatua tatu na wageuke kutazama: hapo ndipo vya Fermi vilipoangukia, na mlipuko uko mbali kama mji wa pili. Kimya kinachofuata sikihitaji kukieleza.

Kwa mizani hiyo Fermi anaaminika kwa kilichotokea. Lakini hakukuambia alijisikiaje, na najua hilo ndilo unalolitafuta. Kwa hilo nina swali moja ninalomuuliza kila mmoja wao: Mei 1945 ulifanya nini?

Maana karibu wote, ukiwauliza kwa nini waliingia, jibu ni moja: Hitler. Mpasuko wa kiini cha urani uligunduliwa Berlin mwishoni mwa 1938, na wengi wa wanasayansi hawa walikuwa Wayahudi waliokimbia Ulaya au wanafunzi wa waliokimbia. Hofu kwamba Ujerumani itatangulia ilikuwa hofu ya kweli. Basi Mei 1945 Ujerumani ikasalimu amri. Sababu imekufa. Kazi ikafanywaje?

Feynman alikuwa Princeton, anaandika tasnifu yake ya udaktari, Robert Wilson alipoingia chumbani kwake na kumwambia kuna kazi ya siri, njoo mkutanoni saa tisa. Feynman akakataa. Wilson alipotoka, Feynman akarudi kwenye tasnifu kwa muda wa dakika tatu tu, kwa masimulizi yake mwenyewe, kisha akaanza kutembea chumbani akimfikiria Hitler na bomu hilo mkononi. Saa tisa alikuwa mkutanoni. Saa kumi alikuwa na meza yake na anapiga hesabu.

Sasa ruka mpaka Agosti 1945. Hiroshima imepigwa, Los Alamos ni sherehe, na Feynman ameketi juu ya gari la jeep anapiga ngoma. Anamwona mtu mmoja amejiinamia. Ni Wilson. Anamuuliza una nini, Wilson anamjibu kwamba wametengeneza kitu cha kutisha. Feynman akashangaa: lakini wewe ndiye uliyeanza, wewe ndiye uliyetuingiza!

Sasa wewe umemkuta Feynman wa ngoma ukadhani ndiye Feynman mzima. Endelea kumsoma. Mkewe Arline alikuwa anaumwa kifua kikuu hospitalini Albuquerque, na alifariki tarehe 16 Juni 1945, mwezi mmoja kamili kabla ya lile jaribio la jangwani. Feynman alikwenda kumwona siku ya mwisho kwa gari la kuazima, matairi yakipasuka njiani, akarudi kazini. Hakulia mpaka miezi ilipopita, siku moja Oak Ridge alipoona gauni kwenye dirisha la duka akawaza kwamba Arline angelipenda. Huyo ndiye anayekuchekesha. Na baada ya vita anakumbuka alikaa mgahawani New York akitazama majengo na kupima kichwani bomu lingefika wapi, na alipoona watu wanajenga daraja aliwaona wendawazimu, kwani wanajenga vya nini?

Na kuhusu swali langu la Mei 1945, alipohojiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 alijibu bila kujitetea: kosa lake la kimaadili lilikuwa kutokukumbuka sababu iliyomwingiza. Sababu ilipobadilika, Ujerumani iliposhindwa, hakuna hata wazo moja lililomjia kwamba ajiulize upya kwa nini anaendelea. Hakufikiri. Nimesoma maungamo mengi ya watu wa mradi ule na hilo ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu halimpambi msemaji wala kumpa nafasi ya kulia hadharani.

Wilson naye, mtu wa majuto, aliulizwa jambo hilohilo. Huyu angalau aliwahi kujaribu. Kabla vita vya Ulaya havijaisha alibandika matangazo ya mkutano, mada ikiwa athari za kidude kwa ustaarabu. Oppenheimer alimshauri aache, akaona hasikii, akaja yeye mwenyewe mkutanoni. Na Oppenheimer alikuwa na ulimi wa kushawishi. Hoja yake ilikuwa kwamba Umoja wa Mataifa unakwenda kuundwa, na mataifa yakiunda chombo hicho bila kujua kwamba silaha hii inawezekana, vita vijavyo vitapiganwa nayo. Kwa hiyo tumalize, dunia ijue. Wakatoka wakarudi kazini kwa ari zaidi. Miaka mingi baadaye Wilson alisema angependa kuamini kwamba Ujerumani iliposhindwa alisimama, akatafakari na kuondoka. Hakufanya hivyo, na alishindwa kueleza kwa nini, isipokuwa kwamba wakati ule jambo la kuondoka halikuwa sehemu ya maisha yao.

Wewe hujawahi kuwa ndani ya mradi unaokaribia kukamilika. Mimi nimewahi kuwa ndani ya midogo, ya amani kabisa, na naijua hali hiyo: wiki za mwisho mtu haulizi, anamalizia. Kasi yenyewe inakubeba.

Aliyeondoka alikuwa Joseph Rotblat, na ndiye anayejulikana kuwa mwanasayansi pekee aliyetoka kwenye mradi ule kwa sababu za dhamiri. Alizaliwa Warsaw mwaka 1908. Mwaka 1939 alikwenda Liverpool kufanya kazi na mwanafizikia James Chadwick, akarudi Poland Agosti kumchukua mkewe Tola, akakuta ametoka kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo na hawezi kusafiri. Akatangulia, mke amfuate. Siku chache baadaye Ujerumani ikaivamia Poland, na hakumwona tena. Tola aliuawa pamoja na mamilioni ya Wayahudi wengine. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema huyu hakuwa na sababu ya kumchukia Hitler.

Rotblat alifika Los Alamos mwanzoni mwa 1944 na kukaa kwa akina Chadwick. Aliandika mwaka 1985 kwamba Machi 1944, mezani wakati wa chakula cha jioni, Jenerali Leslie Groves, mkuu wa mradi wote, alisema kuwa shabaha hasa ya bomu ni kuwatiisha Warusi. Warusi, washirika wao, waliokuwa wanakufa kwa maelfu kila siku wakipigana na jeshi la Hitler. Mwishoni mwa mwaka huo zikaja habari kwamba Wajerumani wameachana na bomu. Rotblat akaomba kuondoka, na mkesha wa Krismasi 1944 akaondoka.

Utaniuliza: mbona huyu unamwamini, naye ameandika baada ya miaka 40? Swali zuri, tena kumbukumbu yake ina udhaifu wa wazi. Alipoondoka alikuwa na sanduku la karatasi zake zote, maandishi ya utafiti na barua. Alipofika New York kwa treni, sanduku halipo, na halikuonekana tena. Kwa hiyo alipoandika alitegemea kichwa. Isitoshe, maofisa wa usalama walimshuku kuwa jasusi wa Urusi, na sharti la kuruhusiwa lilikuwa asimwambie mtu sababu yake. Aseme ana wasiwasi juu ya mkewe. Ndiyo kusema mwenzake wa Los Alamos akikuambia "Rotblat aliondoka kwa ajili ya mkewe", hakudanganyi. Anakumbuka kwa usahihi alichoambiwa.

Ila kwa lile neno la Groves tunaye shahidi, naye ni Groves mwenyewe. Mwaka 1954, kwenye vikao vya kumchunguza Oppenheimer, alisema kwamba wiki kama mbili baada ya kukabidhiwa mradi, yaani mwaka 1942, hakuwa tena na shaka kuwa adui ni Urusi, na mradi uliendeshwa kwa msingi huo. Mezani au kwenye kikao, ni neno lilelile.

Rotblat alieleza pia kwa nini wenzake walibaki, na sijaona maelezo ya haki kuliko hayo. Wengi walitaka tu kuona kama hesabu zao zitatimia. Wengine walisema tujaribu kwanza, mjadala baadaye. Wengine walihofia kazi zao. Na walio wengi zaidi hawakusumbuliwa. Waliwaachia wengine waamue. Yeye aligeukia fizikia ya tiba na madhara ya mionzi, akawa nguzo ya mikutano ya Pugwash iliyoanza 1957 kuwakutanisha wanasayansi wa pande zote mbili za vita baridi, na mwaka 1995 akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Pugwash. Nisiwasahau wanasayansi wa mradi huohuo waliokuwa Chicago: tarehe 17 Julai 1945, siku moja baada ya jaribio, watu 70 walitia saini ombi la mwenzao Leo Szilard wakimtaka Rais Truman asilitumie bomu bila kwanza kuipa Japani masharti ya kusalimu amri. Halikumfikia. Agosti 6 na 9 miji miwili iliungua, na inakadiriwa kuwa kufikia mwisho wa mwaka watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na 70,000 Nagasaki.

Imebaki Katanga. Rafiki yako anasema kweli. Barua ambayo Albert Einstein alitia saini tarehe 2 Agosti 1939 kumwonya Rais Roosevelt inasema wazi kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Mgodi wenyewe ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, wa kampuni ya Union Minière. Mawe yake yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, jambo lisilo na mfano. Mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha tani 1,200 hivi mwaka 1940 na kuzificha ghalani Staten Island, New York. Mjumbe wa mradi alipomfuata Septemba 1942 kuulizia urani ya Kongo, aliambiwa ipo hapahapa mjini. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Kongo.

Waliochimba, wakachambua mawe kwa mikono na kuyafungasha, walikuwa Wakongomani. Hao ndio waliokuwa juu ya dari kuliko wote. Hawakuambiwa mawe yanakwenda wapi wala yanafanya nini mwilini. Na walifanya kazi chini ya kampuni ambayo Desemba 1941 wafanyakazi wake waligoma Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai nyongeza ya mishahara, wakamiminiwa risasi.

Kumbukumbu za Los Alamos unazo kwenye simu yako, za redio, za televisheni, za vitabu. Za Shinkolobwe ni chache mno, na lugha ya kazi migodini Katanga ilikuwa Kiswahili. Wachimbaji wenyewe hatunao tena, lakini watoto na wajukuu wao wapo Likasi na Lubumbashi. Mwambie rafiki yako akienda likizo awaulize wazee: baba alifanya kazi gani pale, alirudi nyumbani na nguo gani, nani alizifua, aliumwa nini. Aandike na tarehe, nani amesema, na huyo aliyasikia kwa nani. Akishaandika, niletee nami nisome.